Mbavu za Maksai Mzee

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote, wanaosema na wasiosema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya haya.



Maneno haya niliyasema kwanza mbele ya ndugu wachache baada ya swala ya Alasiri, nao wakaniomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Nayaandika kwa aibu, kwa sababu yanaanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa natoka Tororo mjini kwenda Nagongera pamoja na wenzangu wawili. Tukiwa njiani tuliona maksai watatu kando ya barabara. Wawili walikuwa wamenona, wanapumzika baada ya kulima. Wa tatu alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu chini ya mwembe. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza, mgongo umebonyea, na shingoni ana kovu jeusi la nira. Nilisimamisha boda boda nikapiga picha.

Kabla ya Magharibi nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikaandika kwamba mwenye maksai huyu anaswali, lakini mnyama wake anakufa kwa njaa, na kwamba siku ya Kiyama ataulizwa. Nilijua kwamba anaswali kwa sababu nyumba yake iko karibu na msikiti, na barazani niliona birika la udhu na mkeka. Nikalala nikidhani nimekataza maovu.

Picha ikatembea. Ilipofika Ijumaa, ilikuwa imeshawafikia watu wa kijiji kile. Yule mzee, ambaye kwa miaka mingi huswali safu ya kwanza, siku hiyo aliswali nyuma kabisa, karibu na viatu, akatoka kabla watu hawajapeana mikono. Imamu wa msikiti ule alipata namba yangu, akanipigia simu. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, ulimuuliza?"

Sikumuuliza.

Tulichokiona tulipouliza

Jumamosi nilirudi pale. Niliongozana na ndugu yetu mmoja anayesomea mifugo katika kampasi yetu ya Arapai, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Tulimsalimia mzee, tukajitambulisha, nami nikamwambia kwamba picha ile niliipiga mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karibuni. Mnyama mwenyewe yule pale."

Mwenzangu alimshika maksai taya, akamfungua kinywa, akaniita nitazame. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, nayo yako taya ya chini tu. Juu ana ufizi mgumu. Kwa meno hayo na kwa ulimi wake hukata majani, halafu huyasaga kwa magego. Meno ya maksai huyu yalikuwa yameisha hadi kubaki visiki vifupi vyenye mapengo. Mnyama wa namna hii anaweza kusimama katikati ya majani mabichi na bado asishibe, kwa kuwa hawezi kuyakata wala kuyasaga sawasawa.

Mzee alituonyesha beseni. Ndani mlikuwa na majani ya viazi vitamu yaliyokatwakatwa na pumba za mahindi zilizolowekwa maji mpaka zikalainika. Humlisha hivyo asubuhi na jioni, kwa mkono wake. Maji yalikuwa kwenye ndoo, mahali ambapo kamba inafika. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimechaguliwa makusudi. Alituambia kwamba maksai huyu amelima shamba lile zaidi ya miaka kumi, na kwamba ada za shule za watoto wake zilitoka kwenye shingo hiyo. Wachinjaji walikuja mara mbili kumtaka, akakataa.

Mwenzangu akatazama utando wa ndani wa jicho la mnyama, akauona umepauka. Akamshauri mzee amwite daktari wa mifugo apime damu, kwa sababu ukanda wetu huu wa Tororo na Busia una mbung'o, na mbung'o huleta nagana. Nagana humaliza damu ya mnyama na kumkondesha hata akiwa analishwa. Mzee hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani ni uzee mtupu.

Kisha yule ndugu akaenda kwa wale maksai wawili walionona, wale ambao mimi niliwaona wazuri. Alipoweka mkono shingoni kwa mmoja wao, mnyama akaruka. Mahali nira inapokaa palikuwa na kidonda kibichi kilichopakwa majivu. Mzee alisogea, akainama karibu sana, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Akasema kwamba kazi ya kufunga nira siku hizi anaifanya mjukuu, na hakuwa ameambiwa. Akaagiza pale pale kwamba mnyama huyo asifungwe tena mpaka apone.

Ndugu zangu, tafakarini. Yule niliyemlilia alikuwa analelewa. Aliyekuwa anaumia nilimpita nikimsifu moyoni. Jicho langu lilikosea mara mbili kwa siku moja.

Haki ya mnyama aliyezeeka

Tusije tukatoka na somo la kwamba habari za wanyama hazituhusu. Allah (S.W.) katika Suratun-Nahl, kuanzia aya ya 5 hadi ya 8, anatukumbusha neema ya wanyama: tunapata kwao joto na chakula, wanatubebea mizigo hadi miji ambayo tusingeifikia ila kwa taabu. Kisha anawataja kwa majina farasi, nyumbu na punda. Katika Suratul-Aadiyaat anaapa kwa farasi wanaokwenda mbio huku wakihema. Hapa kwetu farasi ni nadra. Nagana hiyo hiyo haimhurumii farasi. Tororo ilikuwa kwa miaka mingi makao ya utafiti wa Afrika Mashariki juu ya ugonjwa huu. Kwa hiyo kazi ambayo kwingine hufanywa na farasi, kwetu huifanya maksai mwenye plau, na kwa majirani zetu wengi punda. Hukumu ya farasi mzee ndiyo hukumu ya maksai mzee na punda mzee.

Hukumu hiyo ni ipi? Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Katika haki hizo alitaja kwamba mwenye mnyama atamgharimia kwa kadiri anayostahiki mnyama wa aina yake, hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Akataja pia kwamba asimbebeshe asichokiweza, na asimchanganye na wanyama watakaomuumiza. Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza kwamba anayeshindwa kumlisha mnyama wake hana ruhusa ya kumwacha afe polepole. Amuuze kwa atakayemlisha, au amkodishe kama bado anaweza kazi, au amchinje kama ni katika wanaoliwa.

Hapa zipo kauli ambazo vijana huzichanganya, kwa hiyo nizitenganishe.

Kwanza, kumchinja maksai mzee si ukatili. Ni halali, kwa sharti la ihsani aliyotuamrisha Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokewa na Muslim: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Yule mzee alichagua kumlea, na hiyo ni fadhila. Jirani yake aliyemchinja wake hakutenda dhambi. Dhambi iko katika ile nafasi ya katikati, pale mnyama anapoachwa kazi na chakula kwa siku moja.

Pili, asiyefaa kwa kazi si lazima afae kwa Iddi. Hadithi ya Al-Baraa bin Aazib imetaja wanyama wanne wasiotosha kwa udhiya: chongo aliye wazi, mgonjwa aliye wazi, kiguru aliye wazi, na aliyekonda mpaka mifupa haina uboho. Tusimpeleke msikitini mnyama tuliyemchoka halafu tukasema tumemtolea Allah.

Tatu, punda wa kufugwa haliwi. Katazo hilo lilitolewa siku ya Khaybar. Maana yake ni kwamba mwenye punda hana njia ya kumalizia hesabu yake kwa mchinjaji, hivyo amana yake ni ndefu zaidi. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Tumeona Kenya machinjio ya punda yakifunguliwa kuanzia 2016 kwa ajili ya biashara ya ngozi, na punda wengi wakaibwa kwa wenyewe. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Nne, kumfungulia mnyama mzee kamba na kumwacha ajitafutie kando ya barabara kuu, kati ya malori yanayokwenda Malaba na Busia, si kumpa uhuru. Huko ndiko kumtelekeza hasa, hata kama siku hiyo bado ana nyama mwilini.

Tunajua sote hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Tunajua pia ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Imepokewa pia kwamba Abu Dardaa (r.a.) alipokaribia kufa alimwambia ngamia wake asimshitaki mbele ya Mola wake, kwa kuwa hakuwahi kumbebesha kuliko uwezo wake. Mtu anayeogopa kesi ya ngamia hawezi kumsahau siku nguvu zinapomwisha.

Haki ya mwenye mnyama

Sasa tuingie katika haki niliyoivunja mimi.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Jaafar kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona alilia, machozi yakamtoka. Tazameni Mtume alifanya nini, na kwa mpangilio gani. Kwanza alimwendea mnyama akampapasa mpaka akatulia. Pili akauliza ngamia huyu ni wa nani. Kijana wa Kiansari akajitokeza akasema ni wake. Tatu akamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, amwogope Allah katika mnyama aliyemmilikisha, kwa maana ngamia amelalamika kwamba anamtia njaa na kumchosha.

Mnyama alisaidiwa kwanza, kisha mwenyewe akatafutwa, kisha neno likamfikia mwenye kosa. Halikwenda sokoni. Nasi zaidi ya hapo hatuna alichokuwa nacho Mtume: ngamia hakutulalamikia. Sisi tuliona mbavu tu, na mbavu hazisemi zimetokeza kwa sababu gani. Basi haja yetu ya kuuliza ni kubwa kuliko yake, naye aliuliza.

Katika Suratul-Hujurat Allah anatuamrisha, aya ya 6, tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki wenye kujuta. Katika aya ya 12 anatukataza dhana nyingi, upelelezi na kusengenyana. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu ghiba alieleza kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, likiwa kweli umemsengenya, lisipokuwa kweli umemzulia. Mimi sikusengenya tu. Nilizua, nikaweka na picha ili niaminiwe.

Kuna kitu kinachotufanya sisi wasomi tuanguke hapa kwa wepesi. Tumekuja Busitema, chuo kilichozaliwa 2007 juu ya msingi wa chuo cha zana za kilimo. Tunajifunza matrekta na mashine, tukipita kijijini tunamwona mkulima mwenye nira kama mtu wa zamani asiyejua. Tunasahau kwamba wengi wetu tumesomeshwa na nira hiyo hiyo. Tunakuwa wepesi wa huruma kwa mnyama na wazito wa huruma kwa mzee anayemlisha.

Tufanye nini?

Ukimwona mnyama aliyekonda, usipite kama hukuona. Kuna mambo ya kutazama. Tazama wenzake wa zizi moja: kama wote wamekonda, huenda malisho yamekosekana, kama ni mmoja tu, fikiria uzee, meno au ugonjwa. Tazama kama ana maji na kivuli mahali kamba inapofika. Tazama kwato kama zimerefuka na kupinda. Tazama shingo, mgongo na miguu kama kuna vidonda vya nira, tandiko au kamba, kwa sababu kidonda kibichi kinachoendelea kufanyishwa kazi ni ushahidi mzito kuliko mbavu. Farasi na punda pia meno yao huisha uzeeni, na utaona chini wametema mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu. Huyo anahitaji chakula laini na daktari wa meno yake kabla mwenyewe hajahitaji lawama.

Kisha mtafute mwenyewe. Toa salamu. Uliza umri wa mnyama na anakula nini. Kama hajui, mfundishe kwa adabu. Kama hana uwezo, msaidie au mtafutie wa kumsaidia. Ndugu zetu wa Lamu, mji wa Waislamu ambao mizigo yake imebebwa na punda kwa vizazi, tangu 1987 wana kituo cha kutibu punda bila malipo, na mwenye punda mgonjwa humpeleka bila kuogopa kuaibishwa. Mtu anayeogopa kuaibishwa humficha mnyama nyuma ya nyumba, na huko nyuma ndiko anakofia.

Na ukithibitisha kwamba ni dhulma, kwamba mwenyewe anaweza na hataki, hapo usinyamaze. Mwambie wazi. Akikataa, mwende kwa imamu au mzee anayemheshimu, kisha kwa mwenyekiti wa LC1 na daktari wa mifugo wa serikali. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1957, na Kenya ng'ambo ya mpaka ina yake. Njia hiyo humfikia mwenye kosa na huleta dawa kwa mnyama. Picha yangu iliwafikia watu wengi, na haikupeleka hata konzi moja ya pumba chini ya mwembe ule.

Ndugu zangu wa uhandisi, nanyi mna sehemu yenu. Kile kidonda cha shingoni kilitokana na nira yenye ukingo mkali isiyo na kitambaa. Mnayo karakana na mnayo elimu. Nira iliyolainishwa vizuri ni sadaka, na kila siku inapofungwa bila kuumiza, natumai ujira wake unaandikwa.

Toba ya kosa la namna hii

Nilifuta picha jioni ile ya Jumamosi. Lakini kufuta simu yangu hakufuti simu za wengine. Wanavyuoni wametufundisha kwamba toba ya dhambi kati ya mja na Mola wake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia; na dhambi iliyogusa haki ya mtu ina sharti la nne, kumrudishia haki yake. Haki niliyoichukua ilikuwa heshima yake mbele ya watu, kwa hiyo ilibidi irudi mbele ya watu. Niliandika katika kundi lile lile kwamba nilisema uongo juu ya mtu nisiyemjua, nikaeleza nilichokiona. Nikaomba wote walioituma mbele waitume na hii. Wengine walifanya. Wengine hawakujibu, na sijui picha ile iko kwenye simu ngapi mpaka leo. Huo ni mzigo wangu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuswali katika msikiti ule. Baada ya swala, kwa idhini ya imamu, nilisimama nikasema niliyoyasema hapa. Mzee alikuwa bado amekaa nyuma. Nilipomwendea kumwomba radhi alinishika mkono akasema, "Nimekusamehe. Lakini ungeuliza, mwanangu. Mimi nipo hapa kila siku."

Maksai alipimwa damu, akachomwa sindano. Mbavu zake bado zinaonekana, na zitaendelea kuonekana, kwa sababu hakuna dawa ya kuotesha meno. Ukipita njia ile utamwona chini ya mwembe. Sasa unajua.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa wenye huruma kwa kila chenye uhai. Tuepushe na dhulma ya mikono yetu na dhulma ya ndimi zetu na vidole vyetu. Wasamehe wale tuliowavunjia heshima kwa kutojua, na utusamehe sisi. Wape afya wazee wetu waliotulea kwa jasho la wanyama wao, na utujaalie tusiwe wenye kusahau wema wa mja wala wa mnyama pindi nguvu zake zinapokwisha. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.